Kitabu gani kwa karani wetu? Somo la kuchagua vitabu vya Excel na vya kuandika programu



Katika masomo yaliyopita tulikuwa shambani: kukata matawi ya kahawa, kuchuma ile nyekundu peke yake, kuanika juu ya meza. Leo tunaingia biro. Tunajua kuna watakaouliza: agronomu anatafuta nini ku mambo ya ordinatere? Jibu letu ni fupi. Kilo iliyopotea kwenye mahesabu haina tofauti na kilo iliyooza juu ya meza ya kukaushia. Zote mbili mkulima alizibeba kichwani, na zote mbili hakulipwa.

Koperative nyingi za kandokando ya Ziwa Kivu sasa ziko na ordinatere, ama kwa msaada, ama kwa kujinunulia. Kila tunapopita tunaulizwaka swali lilelile: tununue kitabu gani ili karani wetu ajifunze Excel? Tena kuna vijana, watoto wa wanachama, ambao wanataka kwenda mbele zaidi na kujifunza kuandika programu wao wenyewe. Nao wanatafuta kitabu. Sisi tumeona makuta ya wanachama ikinunua vitabu ambavyo leo vinashikilia mlango ili upepo usiufunge. Ndiyo maana tunaandika.

Siku pesa ilipoisha kabla ya watu

Kwanza tuwaeleze jambo lililotupata, maana bila hili mtafikiri kuchagua kitabu ni mchezo wa wasomi.

Koperative moja tunayoifuata ilikuwa na dola 2.400 za malipo ya pili, ile pesa inayogawanywa mwisho wa msimu kufuatana na kilo ambazo kila mutu alileta. Jedwali la Excel lilionyesha jumla ya kilo 48.000. Wakagawanya: 2.400 kwa 48.000, kila kilo inapata dola 0,05. Hesabu safi. Siku ya malipo watu wakapanga mstari, mwekahazina akalipa tangu asubuhi. Saa tisa ya mchana sanduku likawa tupu. Watu 19 walikuwa bado wamesimama na tiketi zao mkononi.

Mwekahazina ni mama mjane. Mnaweza kujiwazia maneno yaliyotoka pale. Jioni ile ile walisema amekula dola 100. Kesho yake zilikuwa 300. Siku ya tatu ndipo tulifika, tukafungua mashine, tukafungua na kaye ya mizani, tukahesabu tiketi moja kwa moja. Kilo za kweli zilikuwa 50.000, haikuwa 48.000. Fomula ya jumla ilikuwa imeandikwa mwanzo wa msimu hivi: =SOMME(C4:C215). Wanachama waliojiandikisha baadaye waliwekwa kuanzia mstari wa 216 kwenda chini. Fomula haikuwaona. Bei ya haki ilikuwa dola 0,048 kwa kilo. Kwa kuwa walilipa 0,05, pesa ilitosha kilo 48.000 tu, na zile kilo 2.000 za mwisho wa mstari zikakosa. Mara 0,05, ni dola 100 kamili.

Hakuna aliyekula kitu. Wale waliotangulia walipokea zaidi kidogo, wale wa nyuma hawakupata hata senti moja. Lakini mpaka leo kuna nyumba mbili ambazo hazimsalimii yule mama.

Msidhani kosa hili ni la watu wa kijiji. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya madeni ya serikali, na wakubwa wa nchi nyingi walilitumia katika mabishano ya kupunguza matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa faili lao la Excel. Akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilibaki nje, Ubelgiji mojawapo. Wenyewe walikubali kosa hilo. Ni kosa letu lilelile, mistari iliyobaki chini ya fomula.

Sasa, karani wa ile koperative alikuwa amesoma kitabu. Tulikiomba tukakifungua. Kurasa nyingi zilikuwa za kupaka rangi vichwa vya jedwali, kuweka picha, kuandika herufi za kupendeza. Kuhusu SOMME kulikuwa na nusu ukurasa. Kuhusu namna ya kujua kama jumla yako ni ya kweli, hakuna kitu. Hapo ndipo tulielewa kwamba kitabu kibaya siyo lazima kiwe na uongo. Kinaweza kuwa cha kweli mwanzo hadi mwisho na bado kikakuacha bila kile unachohitaji.

Tazama mashine kabla ya kutazama kitabu

Kijana mmoja alitumwa mjini na dola 20. Alirudi na kitabu kizito, cha Kifaransa, jalada safi, picha mingi. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya Excel 2003. Mashine ya biro ilikuwa na Excel 2016. Zoezi la kwanza lilimwambia afungue menu inayoitwa Outils. Alitafuta jioni mbili. Mwishowe akasema mashine iko na ugonjwa. Mashine ilikuwa nzima kabisa: mwaka 2007 Microsoft walibadilisha uso wote wa Excel, zile menu za zamani zikaondolewa na mahali pake ukaja mkanda mpana wenye majina kama Accueil, Insertion, Formules, Données. Muuzaji hakumdanganya, na kitabu hakikumdanganya. Kilikuwa cha mashine ingine.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungueni Excel yenu, bonyezeni Fichier kisha Compte, na muandike kwenye karatasi ile namba ya mwaka mnayoiona. Karatasi hiyo ndiyo anabeba yule anayeenda mjini. Kitabu kiwe cha mwaka ule au karibu nao. Kitabu cha 2013 kitakusaidia kwenye mashine ya 2016 bila shida kubwa. Kitabu cha 2003 hapana.

Na kitabu kipya sana nacho kinaweza kusumbua. Siku hizi kuna fomula inaitwa RECHERCHEX, nzuri sana, lakini iko kwenye Excel ya 2021 na ile ya kulipia kila mwezi. Ukiiandika kwenye Excel 2016 mashine itakujibu #NOM?, maana yake jina hilo silijui. Mwanafunzi atafikiri amekosea yeye.

Mambo ya mwaka wa faili siyo madogo. Mfano wa mbali, lakini wa kweli: mwezi wa 10 mwaka 2020, huko Uingereza, watu 15.841 waliopimwa na kukutwa na korona walichelewa kuingizwa kwenye hesabu ya taifa, kwa sababu faili zilipitishwa katika namna ya zamani ya Excel, ile inayoishia na xls, ambayo haipiti mistari 65.536. Faili za namna mpya, xlsx, zinabeba mistari 1.048.576. Koperative yetu haitafika huko, lakini kitabu kizuri kinakueleza tofauti ya hizo mbili, na kitabu cha zamani hakiwezi kukueleza kitu ambacho hakikuwepo.

Kifaransa, Kiingereza na ile nukta

Hapa Congo mashine zetu nyingi ziko kwa Kifaransa. Vitabu vingi vya bei ndogo, hasa vile vinavyotoka upande wa mashariki, viko kwa Kiingereza. Mtu atasema: Kiingereza ninakisikia kidogo, nitafanya nguvu. Shida siyo kusikia tu. Majina ya fomula yenyewe yanabadilika. Kwenye mashine ya Kifaransa unaandika SOMME, kitabu cha Kiingereza kitakuambia SUM. SI kwao ni IF. MOYENNE ni AVERAGE. SOMME.SI ni SUMIF, NB.SI ni COUNTIF, na RECHERCHEV ni VLOOKUP, majina ambayo hata hayafanani. Tena katikati ya fomula mashine ya Kifaransa inataka nukta-mkato, ile ya Kiingereza inataka mkato. Ukinakili kutoka kitabuni herufi kwa herufi, mashine inakataa, na wewe hujui ni kwa nini.

Baya zaidi ni desimali. Kwa Kifaransa tunaandika 3,5. Kitabu cha Kiingereza kinaandika 3.5. Karani akizoea nukta ya kitabu na kuandika 3.5 kwenye mashine ya Kifaransa, mashine inaweza kuichukua kuwa maandishi tu au hata tarehe. Ikiichukua kuwa maandishi, SOMME itairuka kimya kimya. Hakuna kengele inayolia. Kilo tatu na nusu za mama fulani zinaonekana pale kwenye skrini, lakini ku jumla hazipo.

Basi tunasema wazi: kwa Excel, chukueni kitabu cha lugha ya mashine yenu. Kama mashine ni ya Kifaransa na hakuna anayesoma Kifaransa vizuri, ni afadhali kusoma wawili wawili, mmoja anatafsiri kwa Kiswahili huku mwingine anaandika. Watu walikwisha kujaribu kuleta lugha yetu kwenye mashine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya namna hii kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Ila vitabu vya kufundishia mambo haya kwa Kiswahili vingali vichache, na maneno yake wakulima wa kwetu hawayazoei. Tungependa iwe vingine.

Maswali matatu ya kuuliza kitabu

Uko mbele ya muuzaji, vitabu vimetandikwa chini kando ya barabara. Huna saa mbili za kusoma. Tunapendekeza ufungue orodha ya mambo yaliyo ndani, mwanzo au mwisho wa kitabu, na utafute vitu vitatu.

Cha kwanza ni alama ya dola. Siyo pesa, ni ile alama $ ndani ya fomula. Tuseme bei ya kilo imeandikwa kwenye kisanduku F1. Kilo za wanachama ziko kolone C kuanzia mstari wa 4. Unaandika D4: =C4*F1. Inatoka vizuri. Unainakili kwenda chini, na D5 inakuwa =C5*F2. Lakini F2 haina kitu, kwa hiyo mwanachama wa pili anapata sifuri. Dawa yake ni kuandika =C4*$F$1; ile dola inafunga F1 isitembee. Waanzaji wote wanajikwaa hapa, na kitabu kinachostahili pesa yako kinatumia kurasa kadhaa juu yake, na mazoezi. Kama kinapita kwa mistari miwili, kirudishe chini.

Cha pili ni neno FAUX katika RECHERCHEV. Fomula hii inatafuta namba ya mwanachama kwenye orodha na kukuletea jina lake au kilo zake. Iko na sehemu nne, na ile ya nne wengi wanaiacha. Ukiiacha, mashine inatafuta jibu la kukaribia. Angalia matokeo: orodha imepangwa vizuri, lakini mwanachama namba 118 hayumo. Ukimtafuta bila FAUX, mashine haisemi hayumo. Inakuletea kilo za 117, jirani yake, na wewe unalipa. Ukiweka FAUX mwishoni, inakujibu #N/A, yaani sijamwona. Hilo ni jibu la uaminifu. Kitabu kinachofundisha RECHERCHEV bila kueleza FAUX kwa nguvu kitawapa hasara, hata kama jalada lake linang'aa.

Cha tatu ni kuhakikisha. Je, kuna mahali popote kitabu kinamwambia msomaji asiamini jumla yake mpaka ailinganishe na kitu kingine? Majina yanaweza kuwa mingi: contrôle, vérification, erreurs. Kwa ile koperative yetu, kulinganisha jumla ya Excel na jumla ya kaye ya mizani kungechukua nusu saa kabla ya malipo. Kitabu kizuri kinaonyesha pia jedwali lenye jina, lile unaloliumba kupitia Insertion na Tableau, ambalo linakua lenyewe ukiongeza mstari chini yake, na fomula inayolitaja kwa jina inafuata. Karani yule angejua hiki kitu kimoja, mstari wa 216 usingebaki nje.

Na mazoezi? Ndiyo, kitabu kiwe na mazoezi, lakini angalia kama yanahitaji faili za kuchota kwenye intaneti. Kule kwenu ambako mtandao unapatikana juu ya kilima peke yake, mazoezi ya namna hiyo ni bure. Bora kitabu ambacho namba zake zimechapwa ukurasani, uziandike wewe mwenyewe. Kuandika kwenyewe ni somo.

Kama kitabu ni fotokopi, hesabu kurasa. Tumewahi kukuta kitabu ambacho fomula zimeanza ukurasa wa 81, na fotokopi inatoka 78 kwenda 95.

Vile tunavyovijua

Watu wanatuambia: taja majina basi. Tutataja machache, bila kulipwa na mutu.

Vile vitabu vya njano na nyeusi vya Pour les Nuls viko kwa Kifaransa na vinapatikana hata vya mkono wa pili. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika mashine ni mwanzo mzuri: maneno mepesi, hatua ndogo. Mizaha yake mingine haituchekeshi sisi watu wa huku, lakini unaweza kuiruka. Vimetoka vingi kwa miaka mbalimbali, kwa hiyo soma mwaka wa Excel kwenye jalada, siyo rangi ya jalada.

Upande mwingine kuna vitabu vinene sana, kama Excel Bible ya John Walkenbach, ambavyo vinafika karibu kurasa 1.000 au kupita. Hiki ni kitabu cha mtu aliyejua sana. Ila ni kama kamusi: unakifungua ukiwa na swali, hukianzi ukurasa wa kwanza. Kama mjumbe wa koperative aliyesoma kontabilite atakitumia, sawa. Kwa karani anayeanza, kitamfanya ajione mjinga, na siyo mjinga.

Kwa wale ambao hawana pesa ya Excel ya halali, kuna LibreOffice, ambayo ni bure kabisa, na sehemu yake ya majedwali inaitwa Calc. Watu wanaoitengeneza wanatoa pia mwongozo wake bure, unaweza kuupeleka biro kwenye flashi. Fomula tulizotaja juu zinafanya kazi kule vilevile. Sisi wenyewe tunaitumia kwenye mashine moja ya zamani.

Vile vitabu vinavyoahidi utaijua Excel yote kwa siku moja, tuviache. Hakuna anayeahidi kahawa kwa siku moja.

Kuhusu kuandika programu

Hapa tutakuwa wakali kidogo. Kijana ambaye hajui bado kwa nini F1 inahitaji dola, asianze kununua kitabu cha programu. Afanye msimu mmoja mzima na jedwali, apokee, alipe, afunge hesabu. Baada ya hapo atajua mwenyewe kama anahitaji zaidi. Alama yake ni hii: kazi ileile, kwa mikono ileile, kila wiki. Kwa mfano wakusanyaji 12 wanaleta faili 12 kila Jumamosi, na karani anazinakili moja baada ya nyingine mpaka usiku. Hapo programu ndogo itamfanyia kwa dakika, na haitachoka kwenye faili la tisa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni VBA, lugha iliyo ndani ya Excel yenyewe. Faida yake ni kwamba huhitaji kuweka kitu kingine. Ubaya: inaishi ndani ya Excel, ukihamia LibreOffice sehemu mingi itavunjika. Tena macro za VBA ni njia moja ambayo virusi vinapitia kutoka flashi moja kwenda ingine, na flashi zetu tunajua zinavyotembea.

Ya pili ni Python, lugha ya bure ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Kwa kijana anayeanza sisi tunapendelea hii, juu ya sababu moja kubwa: vitabu vizuri vya Python viko vya kusoma bure, na kimoja ni cha Kifaransa. Ni Apprendre à programmer avec Python 3 cha Gérard Swinnen, mwalimu wa Ubelgiji. Kimeandikwa kwa wanafunzi wa shule, kinaanza chini kabisa, na mwandishi ameruhusu kisomwe na kunakiliwa bila kulipa. Kikwazo chake ni kwamba hakiongei juu ya biashara, kinafundisha kufikiri kwanza. Mwenye haraka atachoka ku sura ya tano. Mwenye subira atabaki na kitu.

Kwa anayesoma Kiingereza kuna Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2015, nacho mwandishi amekiweka kisomwe bure kwenye mtandao. Hiki kinakwenda moja kwa moja kwenye kazi za biro: kusoma faili za Excel, kubadili majina ya faili mia kwa mara moja. Tofauti na Excel, hapa Kiingereza siyo tatizo lilelile, kwa sababu maneno ya Python ni yaleyale popote duniani, na desimali yake ni nukta kwenye kila mashine. Msimchanganye karani tu: nukta ndani ya Python, mkato ndani ya Excel ya Kifaransa.

Kuna mtego mmoja kwa vitabu vya Python vya mkono wa pili. Python 2 ilisimamishwa tarehe 1 Januari 2020, na Python 3 haifuati kanuni zake zote. Kujua kitabu ni cha ipi hauhitaji kuwa mtaalamu. Tafuta kurasa za kwanza neno print. Kama ni print("Jambo"), na mabano, endelea kusoma. Kama ni print "Jambo", bila mabano, kitabu ni cha Python 2. Rudisha, hata kama ni dola moja.

Namna ya kukisoma kikishafika

Kitabu kilichofungiwa kabatini hakina faida, na kitabu kilichobebwa nyumbani kwa karani ni cha karani. Tuliona koperative moja ikifanya vizuri: kitabu kinakaa biro, na kaye ndogo kando yake. Kila mutu akisoma anaandika tarehe na ukurasa aliofika. Wanasoma wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika kwenye mashine, kisha wanabadilishana. Wakati wa kusoma ni ile saa moja baada ya kupokea kahawa, pale batri ya jua ingali na nguvu.

Jambo lingine waliloamua ni kwamba kila zoezi la kitabu wanalifanya mara mbili. Mara ya kwanza na namba za kitabu, zile za maduka ya Paris na mishahara ya kina Dupont. Mara ya pili na ukurasa mmoja wa kaye yao ya mizani ya mwaka uliopita, ambao jumla yake inajulikana. Kama mashine haileti jumla ileile ya kaye, hawageuzi ukurasa.

Msimtume kijana mmoja peke yake kujifunza. Akiolewa, akipata kazi mjini, ujuzi unaondoka naye. Tunashauri watu watatu, na mmoja wao awe kutoka kamati ya usimamizi, siyo kwa sababu atakuwa fundi, bali ili mtu anayeangalia hesabu aweze kubonyeza kisanduku cha jumla na kusoma mwenyewe fomula inaishia mstari wa ngapi.

Yule mama mwekahazina aliomba kuwa mmoja wa hao watatu. Alimaliza shule ya msingi tu, na Kifaransa chake ni cha sokoni. Mara ya mwisho tulipopita, kaye ndogo ilionyesha amefika ukurasa wa 64. Alituonyesha kisanduku alichokiweka yeye mwenyewe juu kabisa ya jedwali, kinachohesabu wanachama walio kwenye orodha, na kando yake ameandika kwa mkono idadi iliyo ku kaye. Siku ile zote mbili zilisema 234.